Mkamwana Hainui Kichwa

Mimi si mtu wa kuangalia chini. Ndivyo nilivyoumbwa, na kule kiwanda cha magari wananilipa mshahara kwa sababu hiyo hiyo: magari yaliyotoka kupakwa rangi yanapita mbele yangu, mimi natafuta kasoro, na nikiiona siimezi. Mtu akinong'ona nyuma yangu nimeshageuka. Akicheka, nataka kujua anamcheka nani. Siku napelekwa kwa wakwe zangu, mama yangu alinishika kidevu, akausukuma uso wangu chini, akasema, "Ni siku chache tu, Nomvuselelo. Jikaze."

Sikujikaza. Kwetu bi harusi huketishwa mkekani nyuma ya mlango, blanketi mabegani, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi, macho chini, mdomo umefungwa. Wenyeji wanaingia, wanakutazama, wanakusema, wewe kimya. Mimi kesho yake tu nilikuwa nimeshamwambia shangazi wa mume wangu kwamba chai yake imechemka mno. Ukoo mzima haujasahau. Kwa hiyo nikisema kwamba kichwa changu ndicho kilichonizamisha baharini, nasema ninalolijua.

Kwanza mnielewe: kwa miguu sina mpinzani rahisi. Klabu yetu ya mbio pale Mdantsane wananiita MaRadebe, kwa jina la ukoo wa baba yangu, na zile mbio ndefu za Durban nimezimaliza mara nyingi kuliko wanaume wanaonipa ushauri. Nikanunua baiskeli kwa mwenzangu wa kazini. Nayo nikaiweza. Ndipo mjuaji mmoja akaniambia, "MaRadebe, umebakiza kuogelea tu, uingie triathloni." Nikaona kuogelea nako ni nini, si kuoga kwa fujo tu.

Shindano lenyewe hufanyika hapa hapa East London yetu ya Afrika Kusini kila Januari. Linaanzia ufukwe wa Orient: unaogelea karibu kilomita mbili, unayazunguka maboya ya manjano na kurudi, ndipo uchukue baiskeli, ndipo ukimbie. Ukizidisha dakika sabini majini wanakunyang'anya namba, unakwenda nyumbani. Mwaka jana mimi hata hizo dakika sikuzifikia. Kabla ya boya la pili nilikuwa nimekunywa nusu ya bahari, na boti ya waokoaji ikaniokota. Walinileta ufukweni nimevingirishwa kwenye ile karatasi yao ya kung'aa, kama kuku anayepelekwa jikoni. Na pale ufukweni wamesimama mume wangu Lwando, wanangu, wifi yangu Zoleka, na baba mkwe na koti lake la kanisani.

Siku ile baba mkwe hakusema neno. Alianza kusema baadaye, na alipoanza hakuacha mwaka mzima. Harusi, msiba, kikao cha ukoo, popote palipokuwa na watu zaidi ya wanne, hadithi ilikuwa ileile. Desemba, vijana waliporudi kutoka jandoni na nyumba ikajaa wageni, akaisimulia tena.

"Bahari ilimwonja mkamwana wetu," akasema. "Ikaona ana chumvi kuliko yenyewe, ikamtema."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa bia. Mimi nilikuwa nje penye masufuria, hatua chache tu kutoka walipoketi, na mwiko mkononi. Majibu nilikuwa nayo, tena mazuri. Lakini mke hamjibu baba mkwe, sembuse mbele ya wageni, na hilo hata mimi ninaliheshimu. Nikakoroga ile nyama mpaka ikaachana na mifupa.

Baba mkwe akaweka kata yake chini. Sauti ikabadilika. "Januari nitakwenda tena kumwangalia. Bahari ikimrudisha tena, basi. Ataachana na mambo ya maji. Nalisema hili mbele yenu."

Wazee wakaitikia, na hapo utani ukawa umekwisha. Neno lililosemwa hivyo, mbele ya ukoo na bia ya nyumbani, halina pa kukatia rufaa. Nikishindwa tu, triathloni yangu imezikwa.

Usiku nikamkalia Lwando kooni. "Wewe ulikuwa wapi baba yako alipokuwa akinihukumu?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa."

"Kukaa nilikuona. Nauliza mdomo wako ulikuwa wapi."

"MaRadebe, yule ni baba."

"Ni baba, sawa. Na mimi ni nani, jirani?"

Aliyeniokoa ni wifi Zoleka. Yeye ni mkuu wa waokoaji pale ufukweni. Kuogelea alianza akiwa binti mdogo, na akiingia majini hata maji hayashtuki. Alikuja jikoni ninaosha vyombo, akaegemea friji.

"Nitakufundisha," akasema. "Kwa sharti moja. Majini mimi ndiye mkubwa."

"Wifi, hata nchi kavu umejifanya mkubwa tangu nilipokujua."

"Basi hutapata tabu kuzoea."

Tulianza asubuhi ya pili yake, kwenye bwawa la kuogelea la ufukweni kabla halijajaa watoto. Aliniambia niogelee kutoka ukuta hadi ukuta, aone tu. Nikaogelea. Nilipofika, natweta kama nimebeba mahindi kutoka shambani, nikamkuta ameketi ukingoni ameshika mbavu.

"Unacheka nini?"

"Wifi, unajua unavyoonekana? Kama mbwa aliyeiba kiatu anavuka mto."

"Mbwa huvuka."

"Huvuka mto, si kilomita mbili. Hebu nisikilize. Kichwa chako kiko juu, kinachungulia. Kichwa kikipanda, matako yanashuka. Wewe huogelei, unaburuta matako yako kwenda kwenye boya."

"Matako yangu yana kosa gani?"

"Hayana kosa lolote. Yanafuata kichwa."

Siku zilizofuata alijaribu kila njia. Alinilaza juu ya maji bila kuogelea, nielee tu, uso chini. Sekunde chache, nikasikia sauti, nikainua kichwa. Alinishika kisogo kwa kiganja. Nikakunja shingo nimuulize mbona ananibana. Aliniambia nitazame sakafu ya bwawa tu, nisihangaike na ukuta, ukuta hauondoki. Nikatazama, lakini yeye akiongea naangalia, na akinyamaza naangalia nijue kwa nini amenyamaza. Miguu nayo nilikuwa naipiga kama niko kwenye mlima wa Durban, maji yanaruka, mwili hauendi. Mkono wa kushoto unavuka mbele ya uso wangu na kukata njia ya mkono wa kulia. Kila kitu kilikuwa kibaya, na muda unakwenda, na nyumbani baba mkwe ananiuliza kwa upole, "Bahari haijambo?" Nilianza kuogopa kweli. Asubuhi moja nilikaa kwenye ngazi za bwawa nikalia, na hata kulia nililia kwa hasira.

Zoleka akaja akakaa kando yangu. Safari hii hakucheka.

"Wifi, siku ulipoletwa kwetu ulikaa nyuma ya mlango. Mimi nilikuwa mdogo, nilitumwa kukuletea maji. Unakumbuka?"

"Nakumbuka ulikuwa unanitolea ulimi."

"Nilikuwa nataka ucheke ugombezwe. Sasa sikiliza. Pale chini ya maji pana mkeka. Leo ndio umeletwa. Wazee wote wamekaa nyuma yako wanakutazama kisogo. Angalia mkeka."

"Ule mkeka ulinishinda, wewe si ulikuwepo?"

"Ndiyo maana unaurudia. Ukitaka pumzi usiinue kichwa. Geuka kidogo tu na bega lako, kama unamnong'oneza aliyeketi kando yako. Jicho moja libaki majini. Halafu rudi mkekani."

"Na nikiwa na la kusema?"

Hapo akanitazama kama mtu aliyeokota funguo alizozitafuta wiki nzima. "Ala. Kumbe ndiyo hiyo. Wewe ukiingiza uso majini unabana pumzi. Unabana zote, kifua kinajaa, unaogopa, unainua kichwa. Usibane. Ukiwa chini, sema. Sema lolote unalotaka kusema, lote, humo ndani hakuna anayekusikia. Ukilimaliza, geuka, vuta hewa, urudi useme lingine."

"Niseme na nani?"

"Si una majibu ya baba tangu Januari?"

Jamani. Niliingia majini nikatazama mkeka nikaanza. Baba, chumvi iliyonitoa baharini ndiyo hiyo hiyo uliyoisifu kwenye supu yangu Jumapili. Mapovu yakatoka. Nikageuka, nikavuta hewa. Baba, wewe ukipanda ngazi mbili za benki unaomba kiti, mimi nimekimbia mpaka Durban. Mapovu. Hewa. Baba, mwanao Lwando hajui kuogelea hata kwenye beseni, mbona yeye humsimulii. Na huku nikiendelea kugomba nikahisi kitu kipya mgongoni: upepo. Matako yangu yalikuwa yamepanda juu yanaota jua. Maji yalikuwa yananibeba. Nilifurahi mpaka nikacheka humo humo ndani, nikanywa funda zima, nikasimama katikati ya bwawa ninakohoa na kucheka.

"Ulikuwa unamwambia nini?" Zoleka akauliza.

"Mambo ya mtu na mkwewe."

Tangu siku hiyo ilikuwa furaha tupu. Kichwa kikishatulia, mengine yakafuata kama yalikuwa yanangoja ruhusa. Mikono akanifundisha kila mmoja uingie mbele ya bega lake, kiwiko kibaki juu, halafu niyashike maji na kuyasukuma nyuma kama ninajivuta kwa kamba. Miguu akaniambia niipumzishe, ina kazi nyingine mbele, ipige polepole tu. Nikawa navuka bwawa kwa mikono michache kuliko mwanzo, na nikifika bado nina pumzi ya kubishana.

Tulipohamia baharini likazuka lingine. Bwawani sakafu imechorwa mstari. Baharini chini ni giza tu, na ukitazama mkeka peke yake unaweza kujikuta unaogelea kwenda bandarini.

"Sasa boya nitalionaje," nikauliza, "na umeniambia nisiinue?"

"Wifi, niambie ukweli. Pale mkekani ulijuaje kwamba shangazi anaficha sukari kwenye mkoba wake?"

"Nilimwona."

"Uliinua kichwa?"

"Nilitupia jicho."

"Basi ndivyo hivyo. Macho tu yachomoze juu ya maji, pua ibaki ndani. Unaiba mara moja, unarudi chini, mikono kadhaa, unaiba tena."

Katika kuiba kwa macho sikuhitaji mwalimu.

Siku moja kabla ya shindano tulikwenda kuchukua namba yangu. Tukanunua maandazi, tukakaa kwenye ukuta wa ufukweni tunakula na kutazama maboya yakifungwa mahali pake. Nilikuwa na raha, na raha ikinizidi huwa nachokoza.

"Kesho baba yako atanikoma," nikasema. "Nikitoka humo nitampita nimenyamaza kimya, lakini atajua."

Zoleka akaacha kutafuna. "Wifi. Mwaka jana baba aliingia majini."

"Majini wapi?"

"Hapa. Boti ilipokuinua ulikuwa umelala tu, hutikisiki. Sisi tuliona kwa mbali, tukadhani umekwisha. Baba akaanza kutembea. Na koti lake, na viatu vyake. Hakukimbia, hakupiga kelele, alitembea tu kuingia baharini mpaka maji yakamfika kiunoni. Mimi ndiye niliyemvuta kwa nyuma ya koti."

"Lakini yeye hajui kuogelea."

"Hata kidogo. Angejifunzia wapi? Ujana wake wote huu ufukwe ulikuwa na kibao cha 'Wazungu tu'. Alikuwa anauona akiwa kwenye basi la kwenda kazini. Aliniambia nikimsimulia mtu yeyote tutakosana, kwa hiyo wewe hujanisikia."

"Mbona basi ananisimanga hivi?"

"Ulitaka awaambie wageni nini? Kwamba alilia?"

Andazi likanikwama. Nikakumbuka kwamba siku ile, waliponitua kwenye mchanga, nilikuwa nimeziona suruali zake zimelowa, nikadhani ni wimbi.

Asubuhi ya shindano tulikuwa watu wengi, suti za mpira zimetubana hadi kwenye masikio. Pembe ikalia, tukaingia. Mwanzo nilikwenda vizuri. Mtu akanipiga teke la bega, mwingine akanipanda mgongoni, nikavumilia. Nikautafuta mkeka wangu, nikafungua mdomo kumgombeza baba mkwe kama kawaida.

Sikupata neno. Hasira yote ilikuwa imebaki juu ya ule ukuta pamoja na nusu ya andazi. Pumzi zikaanza kujibana zenyewe. Kifua kikajaa, moyo ukapiga, na kabla sijajua kichwa kilikuwa juu, kinachungulia, na miguu inashuka. Kwa mbele nikaliona boya la pili. Lilikuwa pale pale liliponishinda.

Kijana mmoja wa uokoaji akanikaribia na kimtumbwi chake. Akanitazama, akatabasamu.

"Mama, wewe si yule wa mwaka jana? Nikupe lifti?"

"Kaka, endelea na safari yako."

"Mimi nipo tu, mama. Ukichoka shika hapa mbele."

Ile ncha ya mtumbwi ilikuwa karibu, na nitakuwa mwongo nikisema sikuitamani. Nikaitazama. Halafu nikatazama ufukweni, mbali kule, watu ni vidoadoa tu, na nikajua mmoja kati ya vile vidoa ana miguu ambayo itaanza kutembea kuja huku. Nikaingiza uso majini nikamwambia, Baba, usiingie.

Mapovu yakatoka. Nikageuka, nikavuta hewa. Baba, baki hapo hapo, nakuja. Mapovu. Hewa. Usiloweshe koti, Baba, mimi ni mzima. Baba, nakuja. Matako yakapanda, upepo ukanipiga mgongoni, mkono wa kulia ukashika maji, wa kushoto ukashika maji. Nikatupia jicho: boya liko kulia. Nikalizunguka. Nikatupia jicho tena, boya la tatu. Mbele yangu palikuwa na miguu ya mtu inayotoa mapovu meupe, nikajibandika nyuma yake akanivuta bila kujua. Njia yote ya kurudi nilikuwa na neno moja tu, na sikulichoka. Nakuja, Baba. Nakuja.

Mkono wangu ulipogusa mchanga sikuamini, nikapiga mikono mingine miwili nikiwa nimelala kwenye maji ya kunifika magotini. Mtu akanivuta nisimame. Saa kubwa juu ya lango ilikuwa bado haijafika dakika sabini. Ilikuwa imebaki kidogo, ila kidogo hicho kilikuwa changu. Wenzangu wa klabu walikuwa wanaimba, Lwando anaruka ruka kama yeye ndiye aliyeogelea, na Zoleka, mkubwa wa majini, amejifunika uso kwa kofia yake ya kazi.

Baba mkwe alikuwa amesimama mbele ya watu wote, kwenye mchanga uliolowa, pale wimbi linapokomea. Mwaka huu alikuwa amevua viatu mapema. Alivishika mkononi, soksi zimekunjwa ndani, suruali imekunjwa hadi magotini. Koti alikuwa amemwachia mjukuu.

Nilipofika mbele yake nilisimama. Nilikuwa na kofia ya mpira kichwani, sina kitambaa, mabega yote yamejichora kwenye ile suti, namwaga maji, kamasi zinanitoka. Sijui ilitoka wapi adabu yote ile. Nilishusha macho chini nikatazama miguu yake, na kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa sikutamani kuchungulia.

"Inua kichwa, mwanangu," akasema. Sauti ilikuwa inatetemeka na hakuificha. "Nimekuja kukuona uso."

Nikainua. Tukatazamana, yeye na machozi yake, mimi na maji yangu ya chumvi.

"Haya, nenda," akasema. "Unapoteza muda."

Nikakimbia, kichwa kimegeukia nyuma, namtazama yeye tu, hadi niliposikia Zoleka akiita kutoka kwenye uzio, "Wifi, baiskeli yako umeipita."